Mafindofindo, Majipu na Dawa Zinazoachwa Njiani: Majibu kwa Wasomaji

Joto la kaskazi linapopanda na jasho kukataa kukauka mwilini, barua zinazofika katika ukurasa huu huelemea upande mmoja: makoo yanayouma, majipu yasiyokoma, watoto wenye vidonda midomoni. Safari hii nimechagua tano. Waandishi wake hawafahamiani, wala maradhi yao hayafanani kwa macho, lakini karibu wote wanasumbuliwa na jamii mbili tu za bakteria. Wa kwanza ni stafilokoki, ambao chini ya hadubini huonekana wamekusanyika vishada vishada; wa pili ni streptokoki, ambao hujipanga kama shanga za tasbihi. Wote wawili wanaweza kuishi juu ya ngozi, puani au kooni mwa mtu mwenye afya bila ya kumdhuru, mpaka wapate mchubuko, mkwaruzo au mwili uliodhoofika. Ninachowaomba wasomaji wakizingatie tangu mwanzo ni kwamba dawa inayomfaa mmoja mara nyingi haimwezi mwenziwe, na kwamba kuna ugonjwa ambao dawa yake kubwa si kidonge kabisa.

*Asalaam aleikum, Daktari. Mwanangu wa miaka minane amepata mafindofindo mara ya tatu tangu mwaka uanze. Kila mara humnunulia amoksili kwenye duka la dawa hapa mtaani, na homa ikishashuka, siku ya pili au ya tatu, huziweka zilizobaki kwa ajili ya safari nyingine. Mama mkwe anasema tiba ni kukatwa kimio na ameshamtafuta mtu wa kumkata. Jirani naye amenitia hofu kwamba binti yake alipata maradhi ya moyo kutokana na koo. Nimsikilize nani? — Mama Mvulana, Kisauni*

Waaleikumu salaam, dada yangu. Jirani yako amesema kweli, na nitaeleza kwa nini. Kabla ya hapo, tafadhali mtoto asikatwe kimio. Mwambie mama mkwe, kwa heshima yote anayostahili, kwamba kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa hakisababishi homa wala kikohozi, na kwamba kuvimba kwake ni dalili tu ya koo zima kuwa na uvimbe. Watoto waliokatwa hufikishwa hospitalini wakivuja damu isiyosimama, au wakiwa na pepopunda, au usaha ukiwa umeenea shingoni hadi kwenye damu. Nia ya bibi ni njema, naye analolitaka ni mjukuu apone; ndiyo maana nakuomba umsomee jibu hili badala ya kubishana naye.

Sasa tuje kwenye koo lenyewe. Makoo mengi ya watoto huumwa kwa sababu ya virusi, na virusi havidhuriki kwa amoksili hata ukimpa kopo zima. Kwa watoto wa umri wa kwenda shule, pengine makoo mawili au matatu katika kila kumi ndiyo yanayotokana na streptokoki. Mtoto akiwa na mafua, kikohozi, sauti iliyokauka na macho mekundu, tuhuma huenda kwa virusi, naye atatosheka na vinywaji vya uvuguvugu, paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, na mapumziko. Usimpe aspirini. Lakini akipata homa ya ghafla, koo likauma hata kumeza mate ni taabu, tonsili zikawa na madoa meupe, tezi za mbele ya shingo zikavimba na kuuma ukizigusa, na kikohozi hakipo, basi streptokoki ni wa kushukiwa, na hapo anastahili kuonwa na daktari au afisa wa kliniki siku hiyo au inayofuata. Palipo na maabara, atapanguswa kooni kwa pamba na kupimwa. Pasipo na kipimo, mtaalamu ataamua kwa dalili hizo na kwa umri, kwa kuwa hatari iliyo kubwa huwaandama watoto wa kati ya miaka 5 na 15.

Hatari yenyewe ni hii. Koo la streptokoki, hata lisipotibiwa, kwa kawaida hupoa lenyewe ndani ya wiki moja, na hapo ndipo wazazi wengi wanapopumzika. Lakini askari wa mwili waliotengenezwa ili kumshambulia bakteria huyo wanaweza kukosea shabaha na kuishambulia misuli ya moyo na vali zake, kwa sababu baadhi ya protini za bakteria zinafanana na zile za moyo. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupoa na kusahauliwa, mtoto huanza kuvimba goti, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko, maumivu yakihama kutoka kiungo hadi kiungo. Wengine huishiwa na pumzi wakicheza, na wengine mikono hurukaruka bila ya wao kutaka, mwalimu akadhani ni utundu. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona bila kuacha kovu. Vali za moyo ndizo zinazobaki na makovu, na kila koo jipya la streptokoki huongeza kovu juu ya kovu. Nimewaona wasichana ambao moyo wao ulionyesha udhaifu kwa mara ya kwanza walipobeba mimba, wakati mwili unapoudai moyo kazi zaidi, na hawakukumbuka hata kidogo kwamba waliwahi kuumwa koo utotoni.

Yote hayo yanaweza kuzuiwa kwa dawa ya zamani na ya bei nafuu. Penisilini au amoksilini ikianza kutolewa ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, moyo hulindwa. Kwa hiyo usikimbilie duka la dawa usiku wa kwanza, kwani unao muda wa kutosha wa kumfikisha mtoto mahali pa kupimwa. Lakini dawa ya kunywa hutakiwa kwa siku 10 kamili. Homa hushuka siku ya pili kwa sababu bakteria wamepungua, si kwa sababu wamekwisha. Lengo la siku nane zilizobaki ni kumng'oa aliyejificha kooni, maana akibaki yeye ndipo moyo unapobaki hatarini. Ukijijua kwamba nyumbani kwako vidonge husahaulika, mwambie daktari bila ya kuona haya, kwa kuwa ipo sindano moja ya penisilini ya benzathini inayofanya kazi ya siku zote hizo 10. Mweleze pia kama mtoto amewahi kuvimba uso au kutokwa na vipele baada ya penisilini. Baada ya saa 24 za dawa, mtoto anaweza kurudi shule na madrasa bila ya kuwaambukiza wenziwe.

Na zile zilizobaki kabatini? Usimpe tena. Katika jamii ya streptokoki wa koo tumebahatika kuliko tunavyojua: kwa miaka zaidi ya 80 ya matumizi ya penisilini, bakteria huyu bado hajajifunza kuishinda. Kwa hiyo mwanao kuumwa mara tatu hakuna maana kwamba dawa imechoka; ama makoo hayo yalikuwa ya virusi, ama dozi ilikatwa katikati, ama yumo ndugu nyumbani anayemrudishia. Mpeleke apimwe koo likiwa linauma, na umwambie daktari asikilize moyo wake siku hiyohiyo. Tonsili kuondolewa kwa upasuaji wa hospitali hufikiriwa makoo yanapofika kama saba katika mwaka mmoja, yakiwa yameandikwa kwenye kadi; mtoto wako hajafika huko. Binti wa jirani naye, ikiwa ameshapata homa ya baridi yabisi, anahitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, mara nyingi hadi ukubwani, hata anapojihisi mzima. Mkumbushe mama yake tarehe hizo unapokutana naye, maana sindano moja inayorukwa kwa sababu ya mvua au nauli ndiyo mwanya anaoungojea streptokoki.

*Daktari, mimi ni kijana wa bodaboda, Changamwe. Majipu yamenichosha: kwapani, mapajani, safari hii ni juu ya mdomo. Nimekunywa amoksili mara kadhaa, yanapoa kidogo kisha yanarudi. Rafiki yangu hunipasulia kwa wembe. Je, damu yangu ni chafu? — Msomaji wa Changamwe*

Kijana wangu, damu yako si chafu, na naomba usimruhusu mtu yeyote akuuzie dawa ya kuisafisha. Mwenye kukusumbua ni stafilokoki wa dhahabu, ambaye karibu watu watatu katika kila kumi humbeba puani bila ya kujua. Wewe huketi juu ya kiti cha mpira jua kali, paja likisuguana na nguo yenye jasho, na kwapa likinyolewa kwa wembe. Bakteria huingia kwenye shina la unywele, mwili ukamzungushia ukuta, na ndani ya ukuta huo usaha ukajaa.

Huo ukuta ndio unaoeleza kwa nini vidonge vyako havikufua dafu. Damu haipiti ndani ya mfuko wa usaha, na dawa husafiri kwa damu. Jipu lililokwisha kuiva hutibiwa kwa kufunguliwa na kutolewa usaha wote, kazi inayofanywa kwa ganzi, kwa kisu kilichochemshwa, na mtu aliyefundishwa, na baada ya hapo majipu mengi madogo hayahitaji kidonge hata kimoja. Likiwa bado gumu, likande kwa kitambaa safi kilichochovywa kwenye maji ya moto ya kustahimilika, mara tatu au nne kwa siku, mpaka lijipasue au lipoe. Wembe wa rafiki huusukuma usaha ndani zaidi, na ukiwa umeshatumika kwa mwengine huleta na maradhi mengine ya damu.

Hilo la juu ya mdomo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mishipa ya sehemu iliyo kati ya pua na pembe za mdomo huwasiliana na mishipa ya ndani ya fuvu, na jipu linalokamuliwa hapo linaweza kupeleka bakteria karibu na ubongo. Usilikamue, usilitumbue, nenda hospitalini leo, hasa kama jicho linavimba au kichwa kinauma.

Ama kuhusu amoksili, ambayo ni ya ukoo wa penisilini, stafilokoki wengi wa leo hutoa kimeng'enya kinachoivunja kabla haijawagusa. Kisa hiki kina historia ya kusikitisha. Penisilini iligunduliwa London mwaka 1928 wakati Alexander Fleming alipoona ukungu umeua stafilokoki hawahawa kwenye sahani zake za maabara. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, aliwatahadharisha waliomsikiliza kwamba huenda ukafika wakati ambapo kila mtu ataweza kuinunua dukani, ajipe kiasi kidogo kisichotosha, na kwa kufanya hivyo awafunze bakteria kuistahimili. Stafilokoki wasiouawa na penisilini walianza kuonekana katika muongo uleule. Kukatengenezwa methisilini, na mwaka 1961 Uingereza ikaripoti stafilokoki walioishinda hata hiyo. Kila mara ninapopita mtaani na kuona kapsuli mbili zimekatwa kwa mkasi na kufungwa kwenye kipande cha gazeti, huyakumbuka maneno ya mzee huyo. Stafilokoki anapohitaji dawa ya kunywa, daktari huchagua iliyotengenezwa kwa ajili yake, kama vile flukloksasilini, na jipu likiwa sugu usaha wake hupelekwa maabara, bakteria wakaoteshwa ili ijulikane dawa inayowaua.

Kwa kuwa yako yanarudi, pima sukari ya damu na upime pia virusi vya Ukimwi, kwani yote mawili hufungua mlango kwa majipu. Kisha muulize daktari kuhusu marhamu ya kupaka puani kwa siku tano na sabuni ya klorheksidini ya kuogea. Taulo lako liwe lako peke yako, wembe vivyo hivyo. Shuka na nguo za ndani zifuliwe kwa maji ya moto na zianikwe juani. Watu wa nyumba yako wenye majipu watibiwe pamoja nawe, la sivyo mtarudishiana. Na ukipata homa pamoja na maumivu makali ndani ya paja au mgongo, hata kama ngozi haina jipu lolote, usiyaite uchovu wa pikipiki: katika nchi za joto stafilokoki hupenda kufanya usaha ndani ya msuli, na huo hutibiwa hospitalini.

*Shikamoo Daktari. Nafundisha chekechea Likoni. Watoto kadhaa wana vidonda vya kuzunguka pua na mdomo, vyenye magamba ya manjano. Wazazi wengine wanasema ni husda, wengine wanapaka majivu na dawa ya meno. Niwarudishe nyumbani? — Mwalimu*

Marahaba, Mwalimu. Vidonda hivyo ni vya ngozi ya juu kabisa, huletwa na stafilokoki, au streptokoki, au wote wawili kwa pamoja, na huambukiza kwa vidole, taulo na vikombe. Mzazi anayeamini husda usimkejeli. Mwombee dua naye, kisha umwonyeshe kliniki. Majivu na dawa ya meno huunguza ngozi na kuufungia uchafu chini yake. Magamba yalainishwe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni, yaondolewe taratibu, kisha ipakwe marhamu ya antibiotiki iliyoandikwa na mtaalamu. Mwenye vidonda vingi au homa atapewa dawa ya kunywa. Akae nyumbani hadi saa 24 za matibabu zipite, asiadhibiwe wala kutengwa baada ya hapo. Kucha zikatwe. Najua kwamba maji mnayanunua kwa madumu ya mkokoteni na hayatoshi kuchezewa, lakini kikombe kimoja kikimiminwa polepole juu ya mikono yenye sabuni kinatosha mtoto mmoja, na ni bora mara mia kuliko beseni moja wanalochovya wote.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, mtoto anayejikuna usiku, hasa katikati ya vidole, huenda ana upele, ule wa kuambukiza unaoletwa na kijidudu cha ngozi, chini ya vidonda hivyo, na pasipo kutibu upele kwa watu wote wa nyumba siku moja, vidonda vitarudi. La pili, streptokoki wa ngozi anaweza kuziumiza figo wiki tatu hadi sita baadaye: waambie wazazi kwamba mtoto akiamka na uso uliovimba, au mkojo wake ukawa mwekundu au wa hudhurungi, apelekwe hospitalini siku hiyo apimwe mkojo na shinikizo la damu.

*Mwanangu Daktari, tulikuwa na walima Mji wa Kale. Chakula kilipikwa alfajiri, mchana kikapashwa moto mpaka kikachemka, lakini saa tatu baada ya kula wageni walitapika. Wanasema nimelogwa au nimeweka nyama mbovu. Kimepashwa, vipi kidhuru? — Bibi, Mji wa Kale*

Shikamoo, Bibi. Pole kwa aibu uliyotwishwa bila ya haki. Stafilokoki akiingia chakulani, mara nyingi kutoka kwenye kidonda cha kidole au pua ya mpishi, na chakula kikakaa saa kadhaa katika joto letu, huzaana na kutoa sumu. Moto humuua yeye, lakini sumu aliyokwisha kuiacha haiharibiki kwa kuchemshwa. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa nane baada ya kula, na kwa wengi huisha ndani ya siku moja. Antibiotiki hazina kazi hapa. Wanywe maji ya chumvichumvi na sukari yanayouzwa kwa pakiti, kidogo kidogo, na watoto wachanga na wazee waonwe na daktari. Kwa shughuli nyingine, sufuria ibaki juu ya makaa, ikiwa moto kweli, mpaka wakati wa kupakua, na anayekata kachumbari asiwe na kidonda mkononi.

*Daktari, mama yetu ana kisukari. Tangu jana mguu wake wa kulia umevimba chini ya goti, una joto na unauma, na ana baridi ya mwili. Ndugu wanataka tuusugue kwa mafuta ya nazi na tusubiri. — Watoto wake, Tudor*

Msisugue, na msisubiri. Hapa naandika kwa ajili ya kila mwenye mzazi wa namna hiyo, kwa kuwa barua huchelewa na nimeshawatumia jibu langu ili mama apelekwe. Huu ni uambukizo wa tabaka za chini za ngozi, na mara nyingi streptokoki ndiye mwenye kuongoza. Vitabu vingi huusia kutafuta wekundu; kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vyema, kwa hiyo guseni: upande mmoja una joto kuliko mwingine, ngozi imekaza na inang'aa, na kuibonyeza kunauma. Chukueni kalamu mchore mstari pale uvimbe unapoishia, na muandike saa. Daktari akiona umevuka mstari atajua kasi yake. Mguu uinuliwe juu ya mto anapolala.

Wapo wanaotibika kwa vidonge nyumbani, lakini mwenye kisukari aliye na baridi ya mwili hastahili kujaribiwa hivyo. Na iwapo maumivu ni makali kupita kiasi cha yale yanayoonekana kwa macho, au ngozi imeanza kugeuka nyeusi, kufa ganzi au kufanya malengelenge, au mama anaongea asiyoyaelewa, mpelekeni usiku huohuo kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, mathalani Hospitali Kuu ya Pwani hapa Mombasa, kwani streptokoki anapoingia kwenye tabaka zinazofunika misuli, uhai wa mgonjwa huhesabiwa kwa saa, na kisu hutangulia dawa. Bebeni vidonge vyake vyote vya kisukari mkaonyeshe. Atakaporudi nyumbani, mchunguzeni katikati ya vidole vya miguu: mara nyingi mlango alioingilia bakteria ni ufa mdogo wa fangasi, ambao krimu ya kupaka kila siku na kuikausha miguu vizuri baada ya kutia udhu huuziba.